Andikeni Jina la Sumu

Hotuba kwa watumishi wa zahanati, maafisa ugani, wauzaji wa pembejeo na wakulima wa mboga, Arumeru

Ndugu Mwenyekiti, naomba niseme itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu wakulima, na ninyi wenzangu mnaoshinda na kitabu cha MTUHA, ile rejista ya wagonjwa, zahanati kutwa nzima, habari za kazi.

Barua ya mwaliko ilinitaka niwafundishe wakulima namna ya kujikinga na viuatilifu, zile dawa za sumu za kuulia wadudu na magugu. Nitawafundisha, ila mwishoni na kwa kifupi, maana somo hilo mmeshalisikia mpaka limewachosha. Vaa glavu. Vaa buti. Vaa barakoa. Soma kibandiko. Usile wala usivute sigara ukiwa unapiga dawa. Mabango yake yamebandikwa ofisi zote za kata, mengine yamepauka kwa jua. Na bado kila msimu wa nyanya na vitunguu tunaletewa watu wanaotokwa na mate na jasho, mboni za macho zimesinyaa, tumbo linakata, misuli inachezacheza yenyewe, kifua kinakoroma. Tukiwapokea, swali la kwanza tunalowauliza ni: "Kwani hukuvaa glavu?"

Mimi nasema swali hilo tunamuuliza mtu asiyehusika sana. Kabla chupa haijafika mikononi mwa mkulima, yupo aliyeitengeneza, yupo aliyeisajili, yupo aliyeiingiza nchini, yupo aliyeisafirisha, yupo aliyempimia dukani. Wote hao hakuna anayewauliza kitu. Tunamsubiri wa mwisho, yule mwenye robo eka ya nyanya na deni la mbegu, tunamwambia kosa ni lake.

Twendeni shambani kidogo. Bomba la mgongoni likijaa maji ni zaidi ya kilo 16. Mpira wa kifuniko umechakaa, kwa hiyo kila mpigaji akiinama linamwagika kidogo mgongoni. Shati linaloa, linagandana na ngozi, na anatembea nalo hivyo mistari yote mpaka amalize. Wengi tunadhani hatari iko puani, ndiyo maana mtu akijifunga kitambaa usoni anajiona amejikinga. Kumbe kwa mpigaji wa shambani ngozi ndiyo mlango mkubwa, na mgongo uliolowa kwa muda wa saa tatu unaingiza sumu kuliko pua. Nozeli ikiziba, anaifungua, anaipuliza kwa mdomo, anairudisha. Ile oveloli ya mpira iliyochorwa kwenye bango, jua la Ngarenanyuki la saa sita litamwangusha ndani yake kabla sumu haijamwangusha. Nawaambia kweli, aliyechora lile bango hakuwahi kupiga dawa hata tuta moja.

Jambo moja la shambani ningetamani kila afisa ugani aliyepo hapa aondoke nalo: mpira wa kifuniko cha bomba ni kitu cha bei ndogo sana. Badala ya semina nyingine ya glavu, nunueni mfuko wa mipira hiyo, pitieni vijijini mkarekebishe mabomba yanayovuja. Mtakuwa mmefanya kazi ya afya kuliko mabango yote.

Sasa tuje dukani, na hapa wauzaji mnisamehe. Chupa ya lita moja ni ghali. Mkulima wa robo eka anahitaji mililita 100, basi. Anafanyaje? Anakuja na chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, anapimiwa. Najua sheria inakataza. Najua pia kwamba mkimkatalia, atakwenda kwa jirani yenu ambaye atampimia. Kwa hiyo dawa inatoka dukani ikiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kibandiko kimebaki kwenye rafu, na ile rangi ya onyo imebaki nacho. Inafika nyumbani, inawekwa uvunguni, kwa sababu ikiachwa shambani itaibiwa. Nyumba yenyewe ina chumba kimoja. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ile ni ya nini: ni ya maji.

Chombo kikishapoteza kibandiko, hakuna elimu inayoweza kukifuata. Tarehe 16 Julai 2013, kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, India, watoto walipewa wali na mboga vya chakula cha mchana cha serikali. Mafuta ya kupikia yalikuwa na harufu isiyo ya kawaida. Mpishi aliligundua hilo na akasema, lakini aliambiwa apike. Watoto 23 walikufa. Ndani ya mafuta ilipatikana monokrotofosi, kiuadudu kikali ambacho wakati ule mkulima wa kule alikuwa anakinunua dukani kama kawaida. Watu walikasirika na mwalimu mkuu, akashtakiwa, akahukumiwa. Mimi simtetei. Ila nauliza: kitu ambacho masalia yake yakichanganyika na mafuta ya kupikia yanaua darasa zima, kilikuwa na kazi gani kijijini?

Na kuna kisa kingine cha zamani zaidi ambacho huwa nakirudia kila ninapoambiwa kwamba tatizo ni watu wetu kutosoma. Mwaka 1971 serikali ya Iraq, baada ya ukame, iliagiza mbegu ya ngano kwa meli. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya kuvu yenye zebaki. Nyingi zilitoka Mexico, na maandishi ya onyo kwenye magunia yalikuwa ya Kihispania. Mkulima wa Kiarabu asome Kihispania! Sehemu nyingi magunia yalifika msimu wa kupanda umeshapita, na watu walikuwa na njaa. Mbegu zilipakwa rangi nyekundu ili mtu ajue hazifai kuliwa. Wakaziosha. Rangi ikatoka, wakaamini na sumu imetoka. Wengine walikuwa waangalifu zaidi: waliwapa kuku kwanza, wakasubiri siku chache, kuku hawakufa. Wakasaga, wakaoka mikate. Zebaki ya aina ile inakaa mwilini majuma kadhaa bila kuonyesha dalili, halafu inaanza: ganzi ya midomo na vidole, kuyumba, kupofuka. Waliolazwa hospitali walikuwa 6,530, na 459 wakafia humo humo.

Wakulima wale hawakuwa wajinga. Waliosha, walijaribu kwa kuku, walisubiri. Walifanya utafiti kwa vifaa walivyokuwa navyo. Waliokosea ni waliodhani rangi na maandishi vinatosha kuzuia kitu cha hatari kiasi kile kisiliwe na mwenye njaa.

Tusidhani mijini wamesalimika. Nani hapa hajamsikia machinga mwenye spika ya betri, "sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto", tangu asubuhi mpaka jioni, na sauti ni ile ile moja nchi nzima? Vipakiti vyake vingine havina hata jina. Oktoba 2024, Naledi, Soweto, Afrika Kusini, watoto sita walikufa, na vipimo vikaonyesha terbufosi, dawa iliyoruhusiwa kwa kilimo tu. Ilikuwa imetoka mashambani ikaingia mitaani kwa sababu mitaa ilijaa panya, na panya walijaa kwa sababu taka hazizolewi. Rais Ramaphosa alilihutubia taifa kuhusu jambo hilo mwezi uliofuata, na mwaka 2025 baraza la mawaziri likaridhia terbufosi ipigwe marufuku. Gari la taka likipita kwa wakati, mama hanunui kipakiti. Hilo nalo ni suala la viuatilifu, ingawa halimo kwenye mada yoyote ya semina.

Nimefika penye jambo gumu, na nitaomba tulisikilize kwa utulivu, maana humu ndani wapo waliofiwa. Sehemu kubwa ya vifo vya viuatilifu duniani haitokani na ajali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 100,000 kila mwaka hujiua kwa sumu hizi, wengi wao vijijini. Kwetu tunanong'ona. Tunasema "alikula kitu kibaya". Tunazika haraka.

Nchi iliyokataa kunong'ona ni Sri Lanka. Mwaka 1995 watu 47 kati ya kila 100,000 walikuwa wanajiua huko, kiwango cha juu kuliko karibu nchi zote duniani, na viuatilifu ndivyo vilivyotumika zaidi. Serikali yao haikuwa na fedha za kupeleka daktari wa akili kila kijiji. Kilichofanyika ni kwamba mwaka ule walimalizia kuondoa sokoni viuatilifu vyote vya daraja la kwanza la sumu, vile vyenye mkanda mwekundu kwenye kibandiko. Wakulima wakahamia endosulfani, ya mkanda wa njano. Vifo vya endosulfani vikapanda. Hospitali zikaliona hilo, na mwaka 1998 nayo ikaondolewa. Kati ya 2008 na 2011 wakaondoa nyingine tatu: dimethoati, fenthioni na parakwati, dawa ya magugu. Mwaka 2005 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 24, na kiliendelea kushuka. Watafiti wamekadiria kwamba katika miaka 20 hatua zile ziliokoa maisha ya watu 93,000 hivi. Na mavuno hayakuporomoka, kwa sababu kwa kila iliyoondolewa ilikuwapo nyingine yenye sumu ndogo ya kufanya kazi ile ile.

Najua kuna atakayenyoosha mkono kusema Sri Lanka hiyo hiyo ilikufa njaa ilipopiga marufuku kemikali. Msichanganye mambo mawili. Mwaka 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa aliamka akazuia mbolea zote za viwandani na viuatilifu vyote kwa mpigo. Mpunga ukaanguka, wakulima wakaandamana, na kabla mwaka haujaisha amri ikarudishwa nyuma. Ule ulikuwa uamuzi wa siasa. Ninaozungumzia mimi ulikwenda sumu moja baada ya nyingine, kwa kufuata ni ipi inajaza wodi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonibadilisha mawazo. Kule kule Sri Lanka walijaribu pia njia ambayo sisi sote tungeipenda: kumpa kila mkulima sanduku la kufungia dawa kwa kufuli. Walifanya kwa uangalifu, vijiji 180, nusu wakapewa masanduku na nusu hawakupewa, wakafuatilia kwa miaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Hakukuwa na tofauti. Funguo zilikuwa nyumbani, maduka yalikuwa jirani. Sisemi msifunge dawa zenu. Fungeni, watoto wadogo watapona. Nasema kwamba kufuli la mkulima halikuweza kufanya kilichofanywa na saini ya msajili wa viuatilifu.

Sababu yake wanaoifahamu ni wale waliowahi kukaa na mgonjwa aliyezinduka. Walioulizwa wodini kule, wengi walisema walikuwa wamelifikiria jambo lile chini ya nusu saa. Ugomvi wa jioni, deni, matokeo ya mtihani. Kilichokuwa karibu ndicho kilichochukuliwa. Kama kilichokuwa karibu kina sumu ndogo, mtu anafika hospitali, anapona, na walio wengi hawarudii tena. Ana miaka 19, ana maisha yake yote mbele. Na kama mtu wa karibu yako ameanza kusema maneno ya kukata tamaa, usimkemee wala usimwachie peke yake usiku huo. Kaa naye, kisha mpeleke kituo cha afya.

Niliwaambia hospitali za Sri Lanka ziliona endosulfani inapanda. Ziliona kwa sababu ziliandika. Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa zahanati. Fungueni vitabu vyetu. Mgonjwa kaja anatapika, kapewa dripu, karuhusiwa: imeandikwa "sumu ya chakula", au "gastro". Akija mwenye bahati, imeandikwa "sumu". Sumu ipi? Msajili akikaa ofisini kwake Arusha anaamua dawa ipi ibaki na ipi iondoke, hana jina hata moja kutoka kwetu. Kilicho mezani kwake ni faili la kampuni, na faili la kampuni limejaa panya wa maabara. Zile rangi za mkanda, nyekundu, njano, bluu, kijani, msingi wake ni kiasi kinachoua panya. Parakwati imewekwa njano, "sumu ya wastani". Waliowahi kumuuguza mtu aliyekunywa parakwati wanajua hakuna wastani pale: haina dawa ya kuifuta, na mapafu yanakauka siku baada ya siku mgonjwa akiwa na akili zake timamu. Uswisi iliiondoa mwaka 1989. Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Ila kiwanda cha Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kwa miaka mingi baadaye kuitengeneza kwa ajili ya mashamba ya wengine. Na kila ilipopendekezwa iwekwe kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ili nchi iulizwe kwanza kabla ya kuletewa, mataifa machache yamekuwa yakikataa, na mkataba ule unataka wote wakubali.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la kalamu. Mwambieni aliyemleta mgonjwa arudi akalete chupa. Chupa ikija haina kibandiko, mpigieni muuzaji. Andikeni jina la kiambato, yaani sumu yenyewe iliyomo ndani, andikeni kama ni ajali ya kazi, ya mtoto, au amekunywa mwenyewe. Mstari mmoja tu. Mwisho wa robo mwaka mganga mfawidhi aupeleke wilayani na nakala iende kwa mamlaka ya viuatilifu pale Ngaramtoni. Wakipokea jina lile lile kutoka zahanati kumi, hawataweza kusema hawakujua.

Kuna kizuizi, nacho nitakitaja. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Ndugu wanalijua hilo. Wanakuja na mgonjwa anakoroma, wanakwambia alikula uyoga. Wengine wanapitia kwanza polisi kutafuta PF3, ile fomu ya polisi, na kila dakika wanayokaa kwenye benchi la polisi mapafu yanajaa maji. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinakwenda kinyume cha katiba. Sisi hatujafika huko. Wakati tunasubiri, tibuni kwanza, karatasi zitafuata. Na asiyetaka kusema ukweli mbele ya ukoo mzima, mtoeni nje mkamuulize peke yake.

Atropini. Mfamasia wa wilaya yupo? Karibu mbele, mama, usijifiche. Viuadudu vingi vinavyotuletea wagonjwa ni vya kundi la organofosfeti na karbamati, na dawa yake kubwa ni atropini, ya zamani, isiyo na bei ya kutisha. Mgonjwa mmoja mahututi anaweza kumaliza boksi zima usiku mmoja, kwa sababu inaongezwa maradufu mpaka kifua kikauke na pumzi iwe nyepesi. Zahanati yenye vichupa viwili haina atropini, ina mapambo. Naomba tuzihesabu kabla msimu haujaanza.

Nimewaahidi wakulima somo lao, ndilo hili. Mtu akizidiwa shambani, mtoeni kwenye moshi wa dawa, mvueni nguo zote, msione haya, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha asishike shati lile kwa mikono mitupu. Alazwe kwa ubavu. Asitapishwe. Asipewe maziwa. Najua wengi wenu mnakunywa maziwa kabla ya kupiga dawa na baada, na wazee wetu wametuambia yanakata sumu. Hayaikati, na mtu aliyelegea ukimnywesha kitu chochote kinaingia mapafuni. Bodaboda iitwe mara moja, na chupa ya dawa iende pamoja na mgonjwa. Mama anayefua zile nguo azifue peke yake, asizichanganye na za mtoto.

Wauzaji wa pembejeo, mlinifuata asubuhi mkaniambia: ukituambia tuache kupima, mkulima mdogo atanunua nini? Hoja yenu ina haki. Daini vifungashio vidogo kutoka kwa waagizaji, mililita 50, mililita 100, vyenye kibandiko cha Kiswahili kinachosomeka bila miwani, na mkidai kwa pamoja kama chama, watawasikia, kwa kuwa bila rafu zenu wao hawana biashara. Kuhusu stoku itakayobaki pale dawa inapofutwa usajili, msimamo wangu ni kwamba aliyeingiza airudishe na awarejeshee fedha zenu. Isipofanyika hivyo itauzwa usiku kwa bei ya kutupa, na sote tunajua itaishia wapi.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Fomu za kuandikia kesi ziko kwenye meza ya mlangoni, ni ukurasa mmoja, kila zahanati ichukue za msimu mzima. Maswali naomba yaanze na wauzaji, maana wamevumilia sana.